Taa za mikutano ya video jijini Nairobi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukipita Luthuli Avenue ukiulizia taa ya mikutano ya video, karibu kila duka litakutolea taa ya duara ya inchi 10 yenye stendi ya miguu mitatu. Itawashwa, uso wako utang'aa kwenye simu ya muuzaji, utatajiwa bei na punguzo lake, na mambo yataishia hapo. Ni nadra kuulizwa kama unavaa miwani, dirisha lako linatazama wapi, au kama taa itachomekwa kwenye laptopu au ukutani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama pesa zako zitafanya kazi.

Taa ya duara ina kazi yake. Hutengenezwa ili simu ikae katikati, mtu asimame karibu, ajirekodi dakika chache akijipodoa au akionyesha bidhaa. Anayekaa mbele ya laptopu saa nzima akihojiwa kazi, akifundisha au akizungumza na wateja anahitaji kitu kingine: mwanga unaotoka kwenye eneo kubwa, mpole machoni, usiopepesa, na usiozimika katikati ya sentensi. Kwa mtu huyo, taa ya kawaida ya mezani yenye balbu nzuri, ikielekezwa kwenye karatasi nyeupe ya manila, huishinda taa ya duara ya bei ile ile. Mwenye pesa zaidi anunue taa bapa ya LED. Taa ya duara tunaiweka nafasi ya tatu.

Kinachoharibu picha

Kihisi cha kamera ya laptopu ni kidogo sana kuliko cha simu nzuri. Mwanga ukipungua, kamera hufanya mambo mawili ili isikuonyeshe gizani. Kwanza huacha kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi, hivyo mkono ukiinuka huacha ukungu, na fremu 30 kwa sekunde zinaweza kushuka hadi 15. Pili hukuza kile kidogo ilichokipata, na chengachenga, vile vinukta vinavyorukaruka kwenye picha, hukuzwa pamoja nacho. Halafu programu hujaribu kuzifuta chengachenga hizo kwa kulainisha picha, na nyusi, ndevu na mistari ya nywele zilizosukwa hupotea.

Chengachenga zina gharama nyingine ambayo wengi huilaumu intaneti. Zoom, Google Meet na Teams hubana picha kwa kutuma hasa kile kilichobadilika kutoka fremu hadi fremu. Ukuta uliotulia hautumi kitu. Ukuta wenye chengachenga hubadilika kila fremu, programu inalazimika kuutuma upya, na nafasi ya kuutuma uso wako vizuri hupungua. Ndiyo maana taa ya shilingi elfu moja na mia tano huweza kusafisha picha ambayo kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti hakikuisafisha. Ndiyo maana pia tunashauri usinunue kamera mpya ya nje kabla hujanunua taa.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la ziada, na hapa ndipo ushauri mwingi ulioandikwa nje hautusaidii. Kamera hupima mwanga wa picha nzima na kuutafutia wastani. Ukikaa mbele ya ukuta mweupe, umevaa shati jeupe, kamera huona weupe mwingi, hushusha mwanga, na uso unazama. Wengi hujibu kwa kuongeza ukali wa taa, na tatizo jipya linazaliwa: paji la uso, pua na mashavu hung'aa kwa madoa meupe huku sehemu nyingine za uso zikibaki nyeusi vilevile. Ngozi yoyote yenye mafuta kidogo huakisi taa yenyewe kama kioo. Taa ikiwa ndogo na kali, doa huwa dogo na kali. Taa ikiwa pana, mng'ao hutandaa taratibu usoni na kuonyesha umbo la shavu na taya. Upana huo ndio tunaoutumia kupima kila taa katika tathmini hii. Poda kidogo usoni husaidia, lakini haiwezi kufanya kazi ya taa pana.

Na huo ukuta mweupe, ubadilishe kabla hujatoa hata senti. Pazia la rangi ya udongo, rafu ya vitabu, au kitenge kisicho na weupe mwingi nyuma yako kitaifanya kamera iuinue uso yenyewe. Epuka pia nyuma nyeusi kabisa, kwa sababu nywele zitapotea ndani yake, na ukitumia mandhari bandia, programu itakata afro au rasta zako vibaya. Rangi ya wastani ndiyo salama.

Dirisha, kabla ya dukani

Dirisha ni taa pana kuliko zote utakazoonyeshwa mjini. Geuza meza ulitazame, au likae ubavuni kwa mbele, kiasi cha nyuzi 45. Likiwa mgongoni, kamera italipima dirisha na wewe utabaki kivuli. Pazia jepesi jeupe hulainisha jua linapoingia moja kwa moja.

Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu la mchana huwa juu sana mwaka mzima. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba huelemea kaskazini, miezi mingine kusini, lakini madirisha ya pande hizo mbili hupata zaidi mwanga wa anga kuliko miale, na ndiyo bora kwa kazi ya kamera. Dirisha la mashariki huleta jua kali usoni hadi saa nne hivi za asubuhi, la magharibi kuanzia saa tisa alasiri. Mawingu ya Julai hutoa mwanga laini wenyewe, ila asubuhi huwa hafifu.

Kuna nyumba ambazo dirisha haliwezi kusaidia. Katika majengo yaliyobanana kama ya Pipeline au sehemu za Roysambu na Umoja, dirisha mara nyingi hutazama ukuta wa jirani, na chumba huwasha taa hata saa sita mchana. Halafu kuna saa za kazi. Mkutano unaoanza saa tatu asubuhi New York huanza hapa saa kumi au saa kumi na moja jioni, kutegemea msimu wao, na jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu kila siku ya mwaka. Mkutano huanza una mwanga na kuisha huna. Hao wote wanahitaji taa.

Taa ya mezani na karatasi ya manila

Huu ndio mpango tunaoupenda kuliko yote, nao unahitaji vitu vitatu: taa ya mezani yenye shingo inayokunjika na holda ya balbu, balbu ya LED ya wati 12 hadi 15, na karatasi moja nyeupe ya manila kutoka duka lolote la vifaa vya shule. Taa za mezani huuzwa takribani shilingi 1,000 hadi 2,500. Balbu nzuri ni shilingi mia mbili, tatu, wakati mwingine zaidi kidogo. Maduka ya vifaa vya stima ya River Road na Nyamakima yana chaguo pana la balbu kuliko supamaketi.

Bandika manila ukutani nyuma ya laptopu, upande mmoja, au uiegemeze kwenye kitu kigumu, iwe sentimita 60 hadi 80 kutoka usoni na nusu yake ya juu ipite usawa wa macho. Geuza kichwa cha taa kiitazame karatasi kutoka sentimita 20 au 30, ili doa la mwanga liwe na upana wa karibu nusu mita. Sasa chanzo cha mwanga ni karatasi, na balbu imefichwa na kofia ya taa. Macho hayaumizwi, miwani haionyeshi balbu, na upande mmoja wa uso unakuwa mwangavu kidogo kuliko mwingine, jambo linalofanya uso uwe na umbo.

Mwanga mwingi hupotea njiani, ndiyo sababu ya kutaka wati 12 hadi 15. Balbu ya LED hutoa takribani lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 80 hadi 100 kwa kila wati, kwa hiyo ya wati 15 hukupa kama lumeni 1,300 za kuanzia. Ya wati 5 haitatosha. Ukuta mweupe unaweza kufanya kazi ya manila, lakini ukuta wa krimu, waridi au kijani utapaka uso rangi yake. Usibandike karatasi wala kitambaa juu ya balbu yenyewe ili kulainisha mwanga. Shina la balbu ya LED hupata joto, likifunikwa balbu hufa mapema, na ukifanya hivyo kwa balbu ya zamani ya waya unaweza kuunguza nyumba.

Angalia holda kabla ya kununua balbu. Balbu nyingi za nyumba za Kenya ni za pini mbili, B22, ilhali taa nyingi za mezani zinazoagizwa kutoka nje ni za kuzungusha, E27. Fundi wa stima akikutengenezea taa kutoka mwanzo, plagi ya pini tatu iwekwe fyuzi ya ampea 3, kwa maana ile ya 13 ni kubwa mno kwa waya mwembamba wa taa. Mwili wa taa ukiwa wa chuma, dai waya wa nyaya tatu na ule wa kijani na manjano ufungwe kwenye chuma. Hilo usikubali lirukwe.

Udhaifu wa mpango huu ni nafasi. Kwenye meza ya sentimita 80 ndani ya bedsita, taa na karatasi vitagombania mahali na daftari lako, na kila ukihama unapanga upya. Anayefanya kazi leo nyumbani, kesho mkahawani, atachoka haraka.

Taa bapa

Kwa anayehama, au asiyetaka manila sebuleni, taa bapa ya LED ndiyo ya kununua. Kati ya zenye majina, Logitech Litra Glow ndiyo imefikiriwa hasa kwa laptopu. Inabana juu ya skrini, inachukua umeme wa USB, inatoa lumeni 250, na rangi yake hubadilishwa kwa vitufe vilivyo nyuma yake kutoka kelvini 2,700, yaani manjano, hadi 6,500, yaani nyeupe kali. Uso wake ni wa maziwa bila alama za vijitaa, hivyo haichomi macho. Lumeni 250 zasikika chache, lakini taa ipo sentimita 50 kutoka usoni na haijapoteza mwanga kwenye karatasi. Chumba kikiwa na mwanga wa wastani inatosha. Chumba kikiwa giza kabisa, uso utang'aa na nyuma kuzama gizani, kwa hiyo acha taa nyingine ndogo ikimulika ukuta nyuma yako. Kasoro yake kubwa ni kukaa juu ya skrini katikati: ni ndogo, na kwa mwenye miwani huakisiwa moja kwa moja. Ipachike kwenye stendi, pembeni.

Elgato Key Light Air iko daraja jingine. Ina lumeni 1,400, kelvini 2,900 hadi 7,000, na paneli pana inayotoa mwanga ambao tungeutaka kwa kila mwalimu wa mtandaoni. Lakini huendeshwa kwa programu kupitia Wi-Fi. Stima ikipotea na ruta ikazimika, hata ukiiwasha taa kwa umeme wa akiba huwezi kuongeza wala kupunguza mwanga. Kwa nyumba ya Nairobi isiyo na betri ya ruta, hiyo ni sababu tosha ya kufikiri mara mbili.

Maduka ya kamera ya katikati ya mji huuza pia paneli za Godox na Neewer zilizokusudiwa wapiga picha. Hizi zina nguvu ya kutosha kuelekezwa kwenye ukuta au manila, na mara nyingi rangi zake ni sahihi kuliko za taa za duara. Ulizia kama adapta imo ndani ya bei. Nyingi hutumia betri za kamera zinazouzwa kando, na bei uliyoivutiwa hupanda ghafla ukiongeza betri na chaja.

Taa ya duara, kwa atakayeinunua hata hivyo

Ya inchi 10, yaani sentimita 26 hivi, pamoja na stendi huuzwa kama shilingi 1,000 hadi 2,500. Kilicho kizuri kwake ni stendi: unaiinua na kuiteremsha, unaipeleka pembeni, na ikivunjika ni rahisi kupata nyingine. Ina hali tatu za rangi, na katika nyingi ile ya manjano huwasha nusu tu ya vijitaa, kwa hiyo usishangae ikififia.

Kosa linalofanywa zaidi ni kuichomeka kwenye laptopu. Taa hizi huandikwa wati 10, yaani volti 5 kwa ampea 2. Tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa ampea 0.5, sawa na wati 2.5, na la USB 3.0 ampea 0.9, sawa na wati 4.5. Taa hufifia, hupepesa, au laptopu hukata tundu hilo na kipanya chako kikazimika pamoja nalo. Tumia kichwa cha chaja cha simu cha ampea 2 au zaidi, ukutani.

Kosa la pili ni kuiweka nyuma ya laptopu, katikati, usawa wa macho. Hapo uso huwa bapa, miwani huonyesha miduara miwili myeupe, na hata asiye na miwani huonekana na pete katika mboni. Ipeleke nyuzi 30 hadi 45 kando, iinue mpaka ukingo wake wa chini upite macho yako, kisha iinamishe kidogo. Mwanga unaoakisiwa na miwani utapita chini ya kamera na hautaonekana kwenye picha. Ukiendelea kuuona, inua taa zaidi kabla ya kugusa kitu kingine. Umbali nao una nguvu kubwa: taa ndogo ikitoka sentimita 50 hadi mita moja, uso hubaki na karibu robo ya mwanga wa awali.

Ya inchi 18 hutoa mwanga mzuri zaidi kwa sababu ni pana, lakini inataka wati 50 hivi, adapta yake maalumu na sakafu ya kusimama. Kwa saluni na studio, sawa. Kwa meza ya kazi, hapana. Na zile ndogo za kubana juu ya skrini, za shilingi 500 hadi 1,000, ni doa kali kwenye paji la uso. Zibebe safarini pekee, na hata huko zielekeze kwenye ukuta wa hoteli.

Rangi na kupepesa

Balbu nyingi zinazouzwa hapa ni nyeupe kali, kelvini 6,500. Mchana zinaelewana na dirisha. Usiku, peke yake, huufanya uso uwe wa kijivu. 4,000 hadi 5,000 ni bora. Jambo la kuepuka ni kuchanganya. Dirisha upande mmoja na balbu ya manjano ya kelvini 3,000 upande mwingine hugawa uso mara mbili, bluu na chungwa, na kamera haiwezi kusahihisha zote kwa pamoja. Mchana zima balbu ya manjano.

Kipimo muhimu zaidi, ambacho wauzaji hukitaja kwa nadra, ni usahihi wa rangi. Kwenye boksi kimeandikwa CRI. Balbu za kawaida ni 80, taa nzuri za kamera ni 90 kwenda juu. Balbu za chini mara nyingi ni dhaifu katika wekundu, na ngozi ya kahawia inaishi kwenye wekundu. Ukiuondoa, inabaki rangi ya majivu yenye ukijani. Boksi likikosa CRI, weka kiganja na nyuma ya mkono chini ya taa, kisha utoke nje ya duka uvitazame mchana. Ngozi ikigeuka sana, rudisha taa.

Kupepesa kunatokana na umeme wetu wa hezi 50, ambao hufanya balbu duni ipige mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyopangwa kwa hezi 60, kama ya Marekani, hukusanya kila fremu kwa moja ya sitini ya sekunde, mapigo hayalingani, na mistari myeusi hupanda au kushuka kwenye picha. Fungua programu ya Kamera ya Windows, ingia mipangilio ya video, tafuta upunguzaji wa kupepesa, chagua hezi 50. Mistari ikibaki, tatizo ni taa. Taa nyingi za bei nafuu hupunguza mwanga kwa kujizima na kujiwasha kwa kasi, kwa hiyo hupepesa zaidi ukizipunguza. Ziache kwenye nguvu kamili, usogeze stendi nyuma.

Ukishapata mwanga, ingia mipangilio ya video ya Zoom uzime marekebisho ya mwanga hafifu. Meet na Teams zina kipengele cha namna hiyo. Vilisaidia ulipokuwa gizani. Sasa vinakuongezea chengachenga. Pangusa lenzi kwa kitambaa cha miwani, kwa maana alama ya kidole huligeuza kila doa la mwanga kuwa ukungu. Laptopu iinuliwe hadi kamera ifike usawa wa macho. Rimu tatu za karatasi hutoa kama sentimita 15, na dari yenye balbu itatoka kwenye picha. Balbu hiyo ya dari, ikiwa juu ya kichwa chako, huchimba vivuli machoni. Izime, au tandika kitambaa cheupe mezani kirudishe mwanga chini ya kidevu na macho.

Stima ikipotea

Pawabenki ya mAh 10,000 ina saa-wati 37, na baada ya hasara za kubadilisha volti hubaki kama 24. Taa ya wati 5 itakaa karibu saa tano, ya wati 10 saa mbili na kidogo. Baadhi ya pawabenki hujizima zikiona mkondo mdogo sana, kwa hiyo taa ya USB isishushwe hadi mwisho. Kwa mpango wa manila, balbu ya kuchaji ya wati 9 au 12 huendelea kuwaka yenyewe stima ikikatika, ingawa kwa mwanga mdogo zaidi. Tokeni zisikutie hofu: wati 10 kwa saa nne, siku 22 za mwezi, hazifiki yuniti moja. Taa ya inchi 18 hula zaidi ya nne.

Kabla ya kutuma M-Pesa

Dai taa iwashwe kwa plagi ya duka, kwa nguvu zote na kwa kiwango cha chini. Ielekezee kamera ya simu yako kwenye hali ya mwendo wa polepole. Mistari inayotambaa ikionekana, omba nyingine. Kwa taa ya duara, vijitaa visionekane kimoja kimoja kupitia kifuniko cheupe. Kaza shingo ya stendi, iinue hadi juu kabisa, uitikise: kola za plastiki zinazobana miguu ndizo hupasuka, na kichwa kikianza kuteleza dukani, mezani kitaanguka. Skrubu ya kichwani iwe ya robo inchi, ile ya stendi za kamera, ili uweze kuhamisha taa kwenye stendi nyingine.

Omba risiti yenye jina la duka na muda wa kubadilishiwa, uandikwe kwa kalamu. Maduka madogo ya Luthuli hubadilisha kwa wepesi ukirudi mapema na boksi, na ukishasubiri wiki kadhaa inakuwa shida. Ukinunua Jumia au Kilimall, soma maoni ya wanunuzi yenye picha, na ulinganishe wati zilizoandikwa na adapta iliyomo: taa inayodai wati 30 kwa USB ya volti 5 ingehitaji ampea 6, na chaja ya kawaida ya simu haifiki hapo. Katika taa za duara, sehemu inayokufa mapema zaidi ni kebo, pale inapoingia kwenye kidhibiti chenye vitufe. Vijitaa vyenyewe hubaki vizima. Uliza kama kidhibiti kinachomoka au kimeunganishwa moja kwa moja, na kama kinachomoka, nunua cha akiba siku hiyo hiyo.